Gari Likikataa Kuwaka Likiwa na Joto: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue, Ndipo Tulaumu



Katika mashamba ya chai, ya miwa na ya mkonge, na katika viwanda vilivyo mbali na miji, magari mengi yanayotubeba ni makuukuu. Iko pikapu ya shamba, liko basi dogo la zamu ya usiku, liko trekta la kuvuta matela. Hata lile gari dogo ambalo wenzetu watano wamechanga fedha zao kulinunua ili lifanye kazi ya teksi siku za mapumziko, aghalabu ni la zamani kuliko utingo wake. Hatuyadharau magari haya. Yanafanya kazi, nasi tunakula kwa ajili yake. Lakini mengi yana ugonjwa mmoja unaotugharimu sana. Asubuhi gari linawaka mara moja. Saa nane mchana, baada ya kupanda mlima na mzigo, likizimwa kwa robo saa tu, linakataa. Watu wanashuka kulisukuma. Jioni likiisha kupoa linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Sisi tunasema hivi: ubovu unaotokea gari likiwa na joto hauna budi kupimwa gari likiwa na joto, tena pale pale liliposimama, kwa mkono wa yule aliye nalo. Mpaka upimwe hivyo, hakuna spea inayofaa kununuliwa, wala hakuna dereva anayefaa kukatwa mshahara. Jambo la karakana na jambo la mshahara hapa ni jambo moja, na tutaeleza kwa nini.

KWA NINI JOTO

Watu wengi hudhani kwamba injini ina joto kali zaidi wakati gari linapokwenda. Kwa chuma cha ndani ni kweli. Lakini kwa vitu vilivyofungwa nje ya injini si kweli. Gari linapokwenda, maji yanazunguka, feni inapuliza, na upepo wa njiani unapita chini ya boneti. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa pamoja, ila chuma bado ni cha moto. Joto lake sasa linapanda na kutapakaa kwenye kabureta, pampu ya petroli, koili na stata. Kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, chini ya boneti huwa na joto kuliko wakati wa safari. Kwa hiyo dereva anaposema, "Niliposimama dakika moja liliwaka, niliposimama dakika kumi na tano likakataa," hatoi udhuru. Anatoa ushahidi ambao fundi mwenye akili angeulipia.

Joto hilo hufanya mambo matatu.

Kwanza, huchemsha petroli. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Sentigredi, joto dogo kuliko la chai ya moto kikombeni. Katika nchi za juu mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa kadiri tunavyopanda ndivyo vitu vinavyochemka upesi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ule wa mashamba ya chai ya Kericho, maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Petroli nayo hufuata sheria hiyo hiyo.

Pili, joto huongeza ukinzani wa waya za shaba dhidi ya umeme. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 90, ukinzani wake huongezeka kwa zaidi ya robo. Stata iliyochoka, yenye waya zilizoota kutu kwenye viungo, asubuhi huvumilia, lakini mchana hushindwa.

Tatu, joto hutanua vitu. Waya mwembamba uliokatika ndani ya koili, au risasi ya kuchomelea iliyopasuka ndani ya kifaa cha umeme, huachana kwa joto na kushikana tena kwa baridi. Ndiyo maana gari likifikishwa gereji limepoa, fundi husema, "Sioni kitu hapa." Anasema kweli, maana saa ile hakuna cha kuonekana.

MASWALI MANNE, KWA MPANGO WAKE

Hatuhitaji mitambo ya gharama kubwa. Twahitaji plagi moja nzima ya akiba, testa ya kupimia volti, kitambaa, maji kidogo na daftari. Pamoja na hayo twahitaji mpango. Maswali yaulizwe moja baada ya jingine, na la pili lisiulizwe kabla la kwanza halijajibiwa.

Swali la kwanza: Je, stata inazungusha injini, na kwa mwendo gani? Ikilia "tak" tu, au ikizungusha kwa uvivu, acha kabisa kugusa kabureta na plagi. Ubovu uko katika betri, waya zake, stata yenyewe, au moto wa plagi umewekwa mapema mno hata unairudisha injini nyuma. Pima betri. Iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi, na wakati stata inapozunguka isishuke chini ya volti 9.6. Halafu weka ncha moja ya testa kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au kiungo chake ni kibovu. Fanya vivyo hivyo kwa waya mnene unaokwenda kwenye stata. Dawa ya ubovu huo mara nyingi ni spana na msasa. Na likiwa gari la gia za mkono, nalo likawaka mara tu linaposukumwa kidogo, hiyo pia ni hukumu: moto upo, petroli ipo, tafuta upande wa stata.

Swali la pili: Stata ikizungusha vizuri, je, plagi zinapata moto? Chomoa waya wa plagi, utie ile plagi ya akiba, chuma chake kiguse injini, uiweke mbali na petroli yoyote iliyomwagika, na mwenzako apige stata. Ikitoa cheche ya bluu yenye nguvu, endelea na swali la tatu. Isipotoa kitu, au ikitoa cheche nyekundu dhaifu, ubovu uko katika koili, kondensa, platini, au kile kifaa cha elektroniki kilichochukua nafasi ya platini katika magari yaliyofuata. Koili ya kawaida ya volti 12 huwa na ukinzani wa omu 3 hivi kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Ile inayotumia kipingamizi cha nje huwa na omu 1.5 hivi. Hapa tuwe macho dukani. Muuzaji akikupa koili ya aina ya pili nawe ukaifunga bila kipingamizi chake, itawaka moto mkononi baada ya safari fupi, na utakuwa umenunua ubovu ule ule uliokuja kuuponya.

Swali la tatu: Moto upo, je, petroli imepungua au imezidi? Pua yako na plagi zako zitajibu. Plagi zikitoka zimelowa na gari linanuka petroli, imezidi. Kanyaga pedeli polepole mpaka chini, ishikilie hapo bila kupampu, halafu piga stata. Likiwaka na kutoa moshi mweusi, umepata njia: petroli ilichemka ndani ya kabureta ikamwagikia injini, au sindano ya kabureta haifungi, au choki imekwama. Tazama pia kama ile gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta bado ipo, kwa maana wengi wanaofungua kabureta huitupa na kuweka karatasi. Plagi zikitoka kavu, petroli haifiki. Funika pampu na paipu yake kwa kitambaa kilicholowa maji, ungoje dakika chache. Likiwaka, mvuke ulikuwa umeziba njia. Paipu isogezwe mbali na ekzosi. Katika magari yenye kompyuta ya injini, pima sensa ya joto la maji. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990 ilitakiwa kuonyesha omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Sensa ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta itaimwagia petroli ya asubuhi saa nane mchana.

Swali la nne: Moto upo, petroli ipo kwa kiasi, na bado gari halitaki? Hapo injini huenda haishiki pumzi ikiwa ya moto. Mara nyingi ni valvu zilizobanwa mno; chuma kikitanuka hazifungi sawasawa. Hiyo sasa ni kazi ya fundi, lakini fundi atakayeambiwa maswali matatu yaliyokwisha jibiwa hataanza kwa kubahatisha.

MATREKTA NA MALORI YA DIZELI

Wenzetu wa matrekta nao wana habari yao. Dizeli haina plagi za kutoa cheche, lakini kukataa kuwaka kwa joto kunajulikana sana, hasa kwenye matrekta ya zamani kama Massey Ferguson yenye pampu za CAV. Vyuma vya ndani ya pampu vikilika, dizeli baridi, kwa kuwa ni nzito, bado husukumwa kwenye nozeli. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi na hupenya kando ya vyuma vilivyolika, na kwa mwendo mdogo wa stata pampu haipati nguvu ya kutosha. Kipimo chake ni kitambaa kilicholowa kuzungushwa kwenye pampu kwa dakika kadhaa. Trekta likiwaka baada ya hapo, pampu imechoka. Lakini tunaonya: usimwagie pampu ya moto ndoo ya maji baridi. Chuma hupasuka, na vyuma vya ndani huweza kukwama. Kitambaa kinatosha.

PIKAPU MOJA NA MISHAHARA MITATU

Tutoe mfano tunaoujua. Katika shamba moja la chai palikuwa na pikapu ya petroli iliyochukua vyombo vya wachumaji, na pakitokea mgonjwa ilimpeleka zahanati. Mchana ilikataa kuwaka. Nyapara aliandika kwamba dereva anaichezea. Karakana ilinunua betri mpya. Wiki mbili baadaye ikakataa tena. Ikanunuliwa koili. Ikakataa. Kabureta ikafunguliwa na kufungwa mara mbili. Gharama za vitu hivyo ziliandikwa katika jina la dereva, naye akakatwa kwa miezi mitatu. Siku mama mmoja mchumaji alipozidiwa na homa, pikapu ilikuwa imesimama juu ya kilima, na wenzake walimbeba kwa machela mpaka barabara kuu.

Baadaye kijana wa umeme wa kiwandani, ambaye kazi yake haikuwa magari, alipanda huko juu saa nane na testa yake. Alipima kati ya hasi ya betri na injini wakati stata ikilia, akaona volti mbili zikipotea njiani. Ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeoza, umebaki nyuzi chache. Mkanda mwingine ulitengenezwa pale kiwandani kwa kipande cha waya na vichwa viwili. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko chakula cha mchana.

Tuangalie hesabu hiyo kwa makini. Betri, koili na gasketi za kabureta havikuwa na kosa. Dereva hakuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu kupanda kilima saa ile ya joto na kuuliza swali la kwanza kabla ya la tatu.

HATA KWA WENYE MALI IMETOKEA

Asitokee mtu akasema kwamba mambo haya ni ya watu maskini na magari yao mabovu. Katika magari ya Honda ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, relei kuu inayopeleka umeme kwenye pampu ya petroli ilijulikana kwa ubovu wa namna hii hii. Ilifungwa ndani, chini ya dashibodi. Gari likiachwa juani madirisha yamefungwa, risasi ya kuchomelea ndani ya relei iliachana, pampu ikanyamaza, na gari halikuwaka mpaka ndani papoe. Wenye magari walinunua pampu, wakanunua na distributa, na kumbe dawa ilikuwa kuchomelea upya vidoa vichache vya risasi.

Nchini Marekani kampuni ya Ford, katika magari mengi ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, ilifunga kifaa cha elektroniki cha moto wa plagi juu ya distributa yenyewe, mahali penye joto kali. Wenye magari walilalamika kwamba kikipata joto gari huzimika, na likipoa huwaka. Jambo hilo lilifika mahakamani, na mwaka 2000 jaji wa California aliamuru magari zaidi ya milioni 1 ya jimbo hilo yarudishwe kurekebishwa. Kampuni ilipinga, na mwaka 2001 pande mbili zilisuluhishana. Ikiwa matajiri wenye mawakili walihitaji miaka kadhaa kuthibitisha kwamba kosa halikuwa la mwendeshaji, je, dereva wa shamba atathibitisha vipi mbele ya nyapara kwa dakika tano?

NANI ALIPE?

Hapa ndipo testa inapokuwa silaha ya mfanyakazi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali yake pale uharibifu unapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka kwa makato ya namna hii hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Wenzetu wa nchi nyingine wasome sheria za kwao kwa msaada wa viongozi wa matawi.

Maneno ya kushika katika sheria hizo ni "kosa" na "chanzo". Mwajiri ambaye hakupima hajui chanzo. Asiyejua chanzo hawezi kueleza kosa ni la nani. Anayenunua vitu vitatu kwa kubahatisha, kisha akamwandikia dereva vyote vitatu, hamtozi hasara ya gari, bali anamtoza ujinga wa karakana. Mkanda wa ethi huoza kwa miaka, na miaka haina jina kwenye orodha ya mishahara.

Tunajua watakavyotujibu. Watasema, "Dereva si fundi, aendeshe tu." Hatutaki dereva afungue injini. Tunataka atazame, asikie, anuse na aandike, maana yeye ndiye pekee aliyepo wakati ugonjwa upo. Daktari naye humwuliza mgonjwa maumivu yalianza saa ngapi. Watasema pia, "Kupima kunapoteza muda wa kazi." Kumi na wawili wakisukuma lori kwa nusu saa ni saa sita za kazi zilizopotea, bila kuhesabu migongo yao.

NA SISI WENYEWE

Haki huenda pamoja na wajibu. Wako madereva wanaofika juu ya mlima na mzigo mzito na kuzima injini papo hapo; iache izunguke taratibu dakika moja au mbili kwanza, maji na feni vipunguze joto. Wako wanaopampu pedeli kwa hasira mpaka plagi zikazama. Wako wanaoona geji ya joto imepanda nao wakaendelea. Mtu wa namna hiyo tukimtetea bila kumwonya, siku tutakapomtetea asiye na hatia hatutasikilizwa.

Na wale waliochangia gari la pamoja wajue kwamba mali ya kubahatisha huisha upesi. Kabla ya kutoa fedha ya koili au pampu, wamwulize fundi: "Umepima nini, likiwa na joto au limepoa, na umeona nini?" Fundi mzuri hatakasirika. Asiye na jibu asipewe fedha.

Kuna usalama pia. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Usimwage petroli kwenye kabureta kwa chupa huku mwenzako anapiga stata. Wengi wamebaki na makovu. Usiunganishe vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu, maana gari likiwa kwenye gia litakupanda. Wala mfanyakazi asiamriwe kusukuma lori mtelemkoni au kwenye barabara ya magari.

TUNAYOYATAKA

Tunapendekeza kamati za matawi ziyapeleke mambo haya katika mkutano ujao na wakubwa wa kazi:

1. Kila gari la kazi liwe na testa, plagi ya akiba, kitambaa, maji na daftari. Vitu hivyo vyote kwa pamoja havifiki bei ya betri moja.

2. Madereva na mautingo wafundishwe maswali manne kwa vitendo, saa za kazi, na fundi wa karakana.

3. Gari likikataa, iandikwe saa, safari ilikuwa ndefu kiasi gani, lilisimama dakika ngapi, stata ilizungusha vipi, moto ulionekana au la, petroli ilinuka au la, na baada ya muda gani liliwaka.

4. Fundi aende lilipo gari. Ikishindikana, gari lisipimwe likiwa baridi. Lipandishwe mlima ule ule na mzigo, lizimwe robo saa, ndipo apime.

5. Kila kitu cha zamani kinachotolewa kionyeshwe pamoja na maandishi ya kipimo kilichokihukumu.

6. Pasiwepo makato yoyote ya mshahara kwa ubovu wa gari bila maandishi hayo, na bila dereva kusikilizwa akiwa na mwakilishi wa chama.

Hatuombi magari mapya, ingawa tungeyapokea. Tunaomba yale yaliyopo yaulizwe kwa mpango, na watu wanaoyaendesha waulizwe kwa heshima. Mchumaji atakayeugua kesho juu ya kilima hana haja ya kujua koili ni nini. Ana haja ya gari litakalowaka saa nane mchana. Basi tawi lisilo na daftari la gari lianze nalo wiki hii, bila kungoja mkutano, kwa maana daftari halihitaji ruhusa ya mtu.